Kulia Ndani, Kushoto Nje

Nitasema lile baya kwanza, nisije nikapata nafasi ya kulipamba. Baba mkwe wangu alianguka na pikipiki kwa sababu yangu, na kwa siku kumi na tisa niliwaacha watu waseme ameanguka kwa sababu ya uzee. Nilikaa nao, nikatikisa kichwa pamoja nao, na chakula chao nikala.

Mimi ni fundi pikipiki. Mtaani wananiita Hairudi, kwa kuwa kila mteja nikimkabidhi pikipiki yake humwambia, "Hii ikitoka hapa hairudi." Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Baadaye nikaliandika juu ya mlango wa karakana kwa rangi nyekundu, na tangu hapo nikawa mtu mgumu kuambiwa kitu. Mke wangu, Mama Pacha, alisema ile rangi imenipanda kichwani. Nilimjibu kwamba ana wivu.

Baba mkwe naye ni fundi, ila wa cherehani. Ana miaka sabini na miwili. Hana duka, huwafuata wateja majumbani, sanduku la vifaa kalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira mweusi. Mama mkwe alipofariki, miaka minne iliyopita, kazi ile ndiyo iliyomshikilia. Asubuhi anatoka, jioni anarudi na habari za nyumba tatu nne: nani kapata mjukuu, nani kagombana na jirani kwa ajili ya kuku, nani anajifanya anajua kushona na hata uzi hajui kuutunga. Bila pikipiki angebaki sebuleni akiitazama picha ya marehemu.

Tatizo lilikuwa mgongo. Pikipiki yake ina usukani wa chini na yeye ni mrefu wa kiwiliwili, kwa hiyo aliendesha ameinama kama mtu aliyedondosha sindano na anaitafuta. Akishuka ilibidi asimame kwanza, mikono kiunoni, mpaka mifupa ikubaliane. Mke wangu alipomwona hivyo akakata kauli: "Baba, basi. Pikipiki iwekwe." Kaka yake, yaani shemeji yangu, karani wa ghala na mtu anayependa kupanga maisha ya wenzake, akaunga mkono palepale.

Mimi ndiye niliyeingilia kati. Nikajipiga kifua mbele ya wote. "Mzee hana shida, shida ni usukani. Nipeni siku moja. Nitaunyanyua, akae wima kama yuko kitini. Likitokea lolote, niulizeni mimi."

Mke wangu akanitazama. "Haya, Baba Pacha. Kwa neno lako."

Baba mkwe aliponisindikiza mpaka langoni alinishika bega, akaliminya. Katika miaka tisa ya kuwa mkwe wake, hakuwahi kunishika bega.

Kunyanyua usukani si kazi kubwa. Unafungua vibanio vinavyoushika, unaweka chini yake vyuma viwili vifupi vya kunyanyulia, unafunga kwa bolti ndefu zaidi, kwisha. Vyuma vyenyewe nilivifuata ng'ambo ya barabara kwa Mama Vipuri, mwanamke anayezijua pikipiki kuliko wengi wetu tunaozifungua. Nikachagua virefu kuliko vyote, kama kidole changu cha kati.

"Na waya wa mafuta?" akaniuliza. "Huo wa zamani utafika?"

"Utafika."

"Usukani ukipanda, na waya nao unataka urefu, Hairudi. Mrefu ninao hapa."

"Mama, kati ya mimi na wewe, nani fundi?"

"Mimi muuzaji tu," akasema, akanifungia vyuma vyangu kwenye gazeti.

Hapa lazima nieleze karakana yangu ilivyo, maana kosa limelala humo. Ni chumba chembamba, na benchi langu la kazi limechimbiwa sakafuni kwa saruji, haliendi popote. Pikipiki ikiingia, gurudumu la mbele linakaa jirani na mguu wa benchi, upande wa kushoto. Ukigeuza usukani kulia, unafika mpaka mwisho. Ukigeuza kushoto, gurudumu linagonga mguu wa benchi hata nusu hujafika. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa na utaratibu wangu: kulia napima ndani, kushoto napima nje, pikipiki ikishatoka. Kulia ndani, kushoto nje. Binti zangu pacha wameyafanya maneno hayo kuwa wimbo wa kurukia kamba.

Na kinachopimwa ni hiki. Waya wa mafuta unatoka kwenye mkono wa kulia, ule wa kuvutia, unazunguka shingo ya pikipiki, unashuka hadi kwenye injini. Ukiwa mfupi, basi ukigeuza usukani mpaka mwisho waya unakazika, injini inapandisha mbio yenyewe, na wewe hujagusa kitu.

Siku ile nilifunga vyuma, nikapima kulia ndani. Safi. Nikaisukuma pikipiki nje. Pale nje palikuwa na baba mkwe, Mama Vipuri kakaa mlangoni kwake, na wateja watatu. Mzee akapanda. Mgongo ukanyooka, mabega yakashuka, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Ala!" akasema. "Kumbe hii barabara ina miti!"

Watu wakacheka mpaka basi. Mteja mmoja akapiga makofi. Na mimi kichwa kikanivimba, nikaanza kuwahutubia juu ya mgongo wa binadamu kana kwamba nimesomea udaktari. Mzee akawasha. Natamani niseme nilisahau kupima kushoto, lakini sikusahau. Lilinijia. Mkono wangu hata uliinuka kumsimamisha. Kisha nikaona soni kumshusha mzee mbele ya watu walionipigia makofi, wakaniona sina hakika na kazi yangu. Nikasema moyoni, utafika tu. Mkono uliokuwa umeinuka nikaufanya kuwa wa kumpungia.

Siku tatu zikapita vizuri. Barabarani mtu hageuzi usukani mpaka mwisho, na nyumbani kwake mzee huja kutoka juu ya kichochoro, ambako lango linakuwa upande wa kulia. Siku ya nne walikuwa wanachimba bomba la maji kule juu, akalazimika kuja kutoka chini. Lango likawa kushoto. Kichochoro ni chembamba, ukitaka kuingia lazima uugeuze usukani wote. Akaugeuza. Injini ikalia, pikipiki ikaruka, ikaparamia nguzo ya lango, na mzee akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika.

Majirani wawili waliona. Wote walisema jambo moja: mzee kavuta mafuta badala ya kushika breki.

Mke wangu alinipigia simu akiwa hospitalini naye. Akaniomba nikaichukue pikipiki, isilale nje. Nilifika langoni saa nane mchana, hapakuwa na mtu. Niliinyanyua, nikaiwasha, ikawaka bila taabu. Nikageuza usukani kushoto mpaka mwisho. Ikalia. Nikarudisha katikati, ikanyamaza. Nikageuza tena, ikalia tena. Nikaizima na kukaa kwenye kizingiti cha baba mkwe wangu.

Simu ilikuwa mfukoni. Kumpigia mke wangu na kusema "ni mimi" kungechukua muda mfupi kuliko kufunga gidamu za viatu. Badala yake nilikokota pikipiki mpaka karakana, nikavuka barabara.

"Mama, ule waya mrefu bado upo?"

Mama Vipuri akautoa, akanipa. Hakuniuliza ni wa pikipiki ya nani. Ningeona nafuu kama angeuliza.

Nikaufunga, nikapima kulia ndani, nikapima kushoto nje, kwa uangalifu wote ambao siku nne nyuma sikuwa nao. Nilijiambia kwamba naitengeneza ili isimdhuru mtu mwingine. Lakini waya mpya unang'aa, na mimi niliupaka grisi kuukuu, nikaupiga vumbi, ili usijulikane. Mtu anayetengeneza tu hafanyi hivyo. Waya wa zamani niliutupa kwenye droo ya benchi, chini ya misasa.

Jumapili iliyofuata tukakutana sebuleni kwa mzee. Mkono wake ulikuwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Shemeji akasimama, maana hawezi kusema jambo akiwa amekaa. Akasema tunamshukuru Mungu imekuwa kifundo, ingekuwa kichwa tungekuwa tunasema mengine.

"Sikuvuta mafuta," mzee akasema.

"Baba, watu wamekuona."

"Wameniona nikianguka. Mimi ndiye niliyekuwa juu. Nimegeuza kushoto, ikakimbia yenyewe." Akanigeukia. "Fundi, jambo kama hilo linawezekana?"

Wote wakanitazama. Mke wangu alikuwa ameshika sinia la vikombe, naye akasimama kungoja jibu langu.

"Ni nadra, Baba," nikasema.

Neno hilo bado nalisikia. Nadra. Hata uongo kamili sikuwa na ujasiri wa kuusema.

"Basi tukaijaribu," mzee akasema, akainuka.

Pikipiki nilikuwa nimeirudisha uani. Tukatoka wote, na majirani wakaja kuegemea ukuta. Niliwasha. Mzee akasimama mbele yangu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anavyosikiliza cherehani ya mteja.

"Geuza kushoto."

Nikageuza. Injini ikaendelea kunguruma polepole, haina habari.

"Mpaka mwisho."

"Ndio mwisho, Baba."

"Tena."

Nikageuza tena. Hakuna kitu. Mzee akaiangalia pikipiki, kisha akaviangalia vidole vyake vilivyochomoza kwenye plasta. Nilimwona akivikunja na kuvikunjua, taratibu, kimoja kimoja.

"Basi labda niliivuta," akasema.

Akaniomba funguo. Nikampa. Yeye akampa binti yake. "Iwekeni," akasema, akaingia ndani, na hakuna aliyemfuata.

Siku zilizofuata nilitafuta kila njia ya kutokuwepo. Nikawahi karakana, nikachelewa kurudi, nikifika najitia nimechoka. Lakini habari zilinifuata mezani. Mke wangu akasema mteja alimletea mzee cherehani mpaka mlangoni, ili amwelekeze tu kwa mdomo afungue wapi, na mzee akamrudisha. "Anasema mkono unaovuta bila yeye kujua utaharibu mashine za watu. Baba Pacha, hata chai hajimiminii. Ananiita mimi nikammiminie." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akaniwekea mkono mgongoni. "Na wewe usijilaumu. Ulimtakia mema."

Ningependa anitukane. Nikanywa maji, nikasema asante.

Siku ya kumi na nane Mama Vipuri alivuka barabara, jambo ambalo halifanyi; sisi ndio tunaovuka. Akasimama chini ya yale maandishi yangu mekundu.

"Mzee anaendeleaje?"

"Mkono unaunga vizuri."

"Sijauliza mkono," akasema, akarudi dukani kwake.

Kesho yake asubuhi sikufungua karakana kwa kazi. Niliifungua droo tu, nikatoa waya, nikautia mfukoni na kwenda kwa baba mkwe. Nilimkuta mezani, vifaa vyake vyote amevitandaza: bisibisi ndogo, kopo la mafuta, brashi, sindano kwenye kichupa. Alikuwa anavifunga kwenye vitambaa kwa mkono wa kushoto, akisaidia kwa meno.

"Kuna fundi mwenzangu nampa hivi," akasema. "Vikikaa vitashika kutu."

Niliutoa waya nikauweka katikati ya vifaa vyake. "Baba, huu ndio uliokuangusha. Ni mfupi. Sikupima kushoto. Nilijua siku ileile, nikabadilisha kabla hamjaijaribu. Wewe hukuvuta kitu."

Akauchukua, akaunyoosha mezani, akaupima kwa shibiri. Alichukua muda mrefu kwa kitu kifupi kama kile.

"Siku ileile saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Mimi saa nane nilikuwa bado nangoja kupigwa picha ya mfupa." Hakupandisha sauti. "Mkono si kitu. Mkono unavunjika, unaungwa. Lakini tulipokuwa pale uani, nilikuuliza wewe. Sikumuuliza karani, nilimuuliza fundi. Ukanitazama nikijitilia shaka mwenyewe, na umenitazama hivyo siku kumi na tisa."

"Nisamehe, Baba."

"Bado," akasema. "Leo saa kumi, hapo uani. Waite waliokuwepo. Uje na spana zako, uufunge huu waya mbele yao."

Wakaja wote. Shemeji alikuja na shati la kazini. Hata Mama Vipuri alifunga duka akaja. Mke wangu alikuja na pacha, akidhani baba yake ana tangazo la heri, na nilimwona amejifunga khanga nzuri. Niliwaambia mimi mwenyewe, nimesimama, kwa sentensi tatu. Kisha nikapiga magoti kando ya pikipiki, nikatoa waya mrefu na kufunga ule mfupi. Nati iliniponyoka mara mbili ikaanguka mchangani, na mara zote mbili niliitafuta huku macho ya watu yako kisogoni kwangu.

Nikawasha.

"Geuza kushoto," mzee akasema.

Injini ikalia ukuta mpaka ukuta. Kuku wa jirani wakatawanyika. Nikarudisha katikati.

"Mpaka mwisho. Tena."

Ikalia tena. Nilipoizima, shemeji alikuwa anatazama chini, na jirani aliyekuwa wa kwanza kusema habari ya breki alikuwa amegeuka anaondoka. Mmoja wa binti zangu, yule mdogo kwa dakika kumi, akanivuta shati.

"Baba, kwani nje hukupima?"

"Sikupima, mama."

Mke wangu akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta, akachomoa funguo kwenye pikipiki, akampa baba yake, akamshika mtoto mkono.

Nyumbani hakunisemesha kwa wiki mbili. Sasa ananisemesha, ila nikiahidi jambo lolote, hata la kununua sukari, ananiuliza, "Nje umepima?" Hacheki anapouliza. Maandishi mekundu niliyakwangua mwenyewe. Jina limebaki, watu hawataki kuliacha, na sasa wakiniita wanalitamka vingine.

Mzee alitolewa plasta, akaanza kazi tena. Kifundo hakinyooki sawasawa. Waya mrefu aliniacha niurudishe mimi, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na benchi, ananitazama mikono. Nilidhani angeipeleka pikipiki kwa fundi mwingine. Hakuipeleka.

Lakini kila akipita karakana kwangu, kabla hajaondoka hufanya jambo moja. Huwasha, akageuza usukani kulia mpaka mwisho, akasikiliza. Kisha akageuza kushoto mpaka mwisho, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Hufanya hivyo barabarani, mbele ya wateja wangu, na mimi huacha kazi nikasimama mpaka amalize. Mteja mgeni akiniuliza yule mzee anafanya nini, namwambia, na naanza na lile baya.